Spishi Tisa za Madam

Mnyoo wa baharini akiletwa angali hai, Madam alimshika nyuma kidogo ya kichwa, kati ya kidole gumba na cha shahada, akambana polepole. Koo la mnyoo lilitoka nje lote, limejigeuza kama soksi inayovuliwa kwa haraka, na kwenye ncha yake taya mbili nyeusi zikawa zinafunguka na kufungwa, zikitafuta cha kuuma. Kwenye ngozi ya koo hilo kuna vijino, yaani vidoa vyeusi vigumu vilivyojipanga kwa mafungu, na hivyo ndivyo alivyokuwa akivitafuta. Akishaviona, alimtia mnyoo kwenye formalini kabla koo halijapata nafasi ya kurudi ndani.

"Ukijua mahali pa kubonyeza," aliwaambia wanafunzi bila kuinua macho, "atakuonyesha kila kitu."

Nilifanya kazi katika maabara yake miaka kumi na tisa, katika chuo kimoja hapa Nakuru. Kwa mujibu wa barua yangu ya ajira nilikuwa mtu wa kuosha vyombo, kupima spiriti na kufunga milango. Siku moja alinikuta nikichora mabomba yaliyokuwa yanavuja ili nimwonyeshe fundi, akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Toka kwa sinki. Kaa hapa." Hapo palikuwa mbele ya hadubini. Tangu siku hiyo nikawa mchoraji wake.

Nilichora aina moja tu ya viumbe: minyoo wa baharini wenye nywele ngumu ubavuni, wa jenasi moja ambayo yeye ndiye aliyeipanga na kuigawa. Nilichora kichwa na pembe zake fupi, macho manne, vijiguu vya kando vinavyotoka kila pingili, nywele moja moja na ile ncha yake iliyopinda kama mundu. Zaidi ya yote nilichora makoo na vijino vyake. Kwa idadi ya vijino hivyo, na kwa namna vilivyokaa, Madam alikuwa ametenga spishi tisa. Zilikaa kwenye rafu tisa, kila rafu na chupa zake, kila chupa na jina nililoliandika mimi kwa wino mweusi usiofutika.

Watu walicheka, lakini si mbele yake. Kutoka kwetu hadi baharini ni safari ya kutwa nzima, na ziwa tulilokuwa tukiliona dirishani lina magadi matupu. Mnyoo wake hata mmoja hangeishi humo dakika kumi. Mgeni akisifu mandhari, Madam alivuta pazia. "Hilo ni la watalii," alisema. "Wewe umekuja kutalii?"

Alikuwa mfupi, mkavu, na mikono yake ilikuwa imepauka kwa formalini hadi kwenye vifundo. Sauti yake haikupanda hata siku moja. Nimefanya kazi na watu wanaofoka, na nakuambia anayefoka ni afadhali, kwa sababu unajua ataishiwa na pumzi. Madam alizungumza kama mtu anayesoma orodha.

Kijana mmoja alienda kwao Molo kumzika baba yake. Aliporudi, spiriti kwenye chupa zake ilikuwa imepungua na vielelezo vyake vilikuwa vimekauka. Mimi ndiye niliyepaswa kuongeza, lakini Madam alikuwa amenikataza nisiguse. Kijana akasimama mbele ya meza yake.

"Pole kwa msiba," Madam akamwambia.

"Asante, Madam."

"Umezika mara mbili wiki hii. Hizo chupa zimwage. Utaanza upya."

Kijana alizimwaga, na machozi yakimdondokea kwenye sinki. Madam alikuwa pembeni akila chungwa, akilichambua chembe kwa chembe, na mbegu akizipanga mstari juu ya karatasi.

Hakuwaita wanafunzi kwa majina. Mmoja alimwita Vidole, kwa kuwa mikono yake ilitetemeka. Mwingine alimwita Nusu, kwa kuwa aliwahi kuleta kazi aliyoiacha katikati, na kijana huyo alibaki Nusu miaka minne. Alihitimu akiwa Nusu. Nilikutana naye juzi mjini, ana tumbo na watoto watatu, nikajikuta nimelisahau jina lake halisi. Nikamwita Nusu. Akaitika.

Madam huyohuyo, Jumapili, aliimba sauti ya pili kanisani na kulia wimbo ukifika ubeti wa tatu. Alilia waziwazi, bila kitambaa. Nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu tulisali kanisa moja, mimi nikiwa nimekaa nyuma. Jumatatu nilipomsalimu hakuonyesha kwamba tuliwahi kuonana popote nje ya maabara.

Mke wangu alipopata shida wakati wa kujifungua, nilikuwa nimesimama kwenye korido pale chuoni nikipiga simu zisizopokewa. Madam alipita, akauliza kuna nini, nikamwambia. Hakusema pole. Alichukua ufunguo wa pikapu yake, tukaenda hadi nyumbani Bondeni, akamshika mke wangu upande mmoja na mimi upande wa pili. Hospitalini alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake pia, akisoma karatasi zake. Mtoto alipotoka salama, akasimama, akajipangusa sketi. "Jumatatu saa mbili," akasema, akaondoka. Hakulitaja jambo hilo tena. Mimi ndiye niliyelibeba, na nililibeba kama deni.

Na kila mwaka aliwapeleka wanafunzi Pwani kukusanya minyoo kwenye matope ya mikoko. Wengi wao walikuwa watoto wa mashamba ya Njoro na Bahati ambao hawajawahi kuona bahari. Basi likisimama, aliwapa saa moja. "Dakika sitini mcheze. Baadaye hiyo maji ni ofisi." Yeye aligeuka akaipa bahari mgongo, akaangalia saa yake, ili wasione haya kucheza mbele yake. Kwa muda mrefu nilichukulia saa ile moja kuwa ushahidi wa kitu fulani, ingawa sijui ni kitu gani.

Sasa niseme habari ya mchoro wangu wa kwanza, kwa maana kila kitu kilianzia hapo. Alinipa mnyoo mmoja, nikamchora siku mbili. Madam akauchukua mchoro, akaweka lenzi yake ya mkono juu ya karatasi.

"Fungu hili lina vijino sita. Umechora saba."

"Niliona saba, Madam."

"Spishi hii ina sita. Hesabu tena."

Nikarudi kwenye hadubini. Nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia. Vilikuwa saba, vikubwa sita na kimoja kidogo kinachochipuka pembeni. Nikakaa pale kitambo, nikisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi nyuma yangu. Kisha nikachukua karatasi safi nikachora sita.

"Sasa unaona," akasema.

Mchoro huo ulichapishwa kwenye jarida la ng'ambo. Mwishoni, kwa herufi ndogo, aliwashukuru watu kadhaa kwa majina, kisha akamshukuru "mchoraji". Mke wangu alilikata lile neno kwa makasi akataka kulibandika ukutani. Nikamwambia asibandike.

Miaka ikaenda. Nilichora koo juu ya koo, na ikawa nikiona kijino cha ziada nakiacha kabla sijaulizwa. Nilikuwa nimejua. Hakuhitaji kusoma sana mtu anayewatazama minyoo haohao kila siku: wadogo walikuwa na vijino vichache, na kadiri mwili ulivyorefuka vijino viliongezeka. Mnyoo aliyekuwa spishi ya pili mwezi Machi angekuwa spishi ya tano mwezi Agosti kama angeachwa akue. Nililijua hilo kama mtu anavyojua jirani yake anampiga mkewe. Unajua, na unaendelea kunywa chai yako.

Kisha akaja Chebet.

Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, msichana mrefu kutoka upande wa Rongai, mwenye tabia ya kuvua saa yake na kuiweka mezani kabla ya kuanza kazi. Madam hakumpa jina la utani. Mwezi wa kwanza aliniambia, "Huyu anaona," na sijamsikia akisema hivyo kuhusu mtu mwingine yeyote. Alimpa ufunguo wake mwenyewe wa rafu. Siku nyingine niliwakuta wamekaa hadubini kwa hadubini, kimya, wakipeana kijisahani bila kuombana, kama mtu na dada yake wakichambua maharagwe.

Mwaka wa pili, Chebet aliniita mezani kwake Madam akiwa darasani.

"Mwalimu," aliniita hivyo ingawa sikuwa mwalimu, "hebu angalia hawa watatu. Huyu mdogo ana vijino vinne. Huyu wa kati, saba. Huyu mkubwa, kumi na moja. Wote nimewatoa kwa tope moja, umbali wa kama hapa na hapo mlangoni. Kwa vitabu vya Madam hizi ni spishi tatu. Lakini si ni mtoto, kijana na mzee tu?"

Nikaangalia. Alikuwa amewapima urefu, amehesabu pingili, amechora mstari kwenye karatasi ya miraba, na ule mstari ulipanda bila kusita.

"Uko sawa," nikamwambia. "Nimeliona hilo miaka mingi."

Akanigeukia. "Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Wakiuliza je? Naweza kusema hata wewe umeona?"

Nilitazama mlangoni. "Sema," nikasema.

Alimpelekea Madam kazi yake siku hiyohiyo, kwa heshima, akiwa na hakika kwamba mtu aliyempa ufunguo atafurahi. Madam alisoma karatasi zote kumi na mbili bila kubadili mkao. Akazigonga mezani zikae sawa, akamrudishia.

"Hujui kuhesabu," akasema. "Anza na chupa ya kwanza."

"Madam, nimehesabu mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu. Na ufunguo wangu naomba."

Tangu siku hiyo akawa anamwita Hesabu. Hesabu, leta koleo. Hesabu, hamisha meza yako, inaziba njia. Meza ya Chebet ikahamishiwa karibu na sinki. Vielelezo vyake vikachukuliwa ati vikaguliwe, na alipoviuliza aliambiwa bado vinakaguliwa. Rafiki zake wakaacha kula naye, maana ni nani anataka kuonekana? Alihesabu upya muhula mzima, chupa kwa chupa, na kila mara alipata jibu lilelile, na kila mara aliliandika. Alikonda. Saa yake ilianza kumpwaya mkononi.

Mwishowe mkuu wa idara, mtu mpole asiyependa kelele, akaitisha kikao. Walikuwa walimu watano, Madam, Chebet, na mimi niliyeitwa kuleta chupa na hadubini. Chebet alieleza kazi yake vizuri. Alipomaliza, Madam akasema kwamba mwanafunzi huyu hana jicho, kwamba makoo yake hayakufunguliwa sawasawa, na kwamba vijino vingine alivyohesabu ni uchafu. Alisema kwa upole kabisa. Walimu wale wakatazamana. Kati yao hakuna aliyewahi kuchungulia mnyoo hata mmoja.

"Muulizeni yeye," Chebet akasema, akaninyooshea mkono. "Amewachora wote. Anajua."

Mkuu wa idara akanigeukia kwa nafuu, kama mtu aliyepata mlango.

"Ni kweli? Umewahi kuona idadi ya vijino ikipanda mnyoo akikua?"

Madam hakunitazama. Alikuwa anachonga penseli, na maganda yake yalidondoka kwenye kiganja chake kimoja baada ya kingine. Nilimfikiria akiwa kwenye lile benchi la hospitali, siku ya mke wangu. Nilifikiria kazi ngapi zipo mjini kwa mtu wa umri wangu ambaye anajua kuchora minyoo.

"Sijawahi," nikasema.

Chebet hakulia wala hakubisha. Alinitazama tu, si kwa hasira, kama mtu anayesoma tena sentensi aliyodhani ameielewa. Kisha akazikusanya karatasi zake, akavaa saa yake, akaomba ruhusa kutoka. Wiki mbili baadaye hakuwa mwanafunzi wetu tena.

Kesho yake baada ya kikao, Madam alikuwa amesogeza meza yangu karibu na dirisha, akaniletea taa mpya. Nikaitumia. Ilikuwa taa nzuri.

Madam alistaafu kabla yangu, akahamia Dundori, na mimi nikaendelea kuosha vyombo vya watu wengine. Chebet nilisikia amepata kazi Olkaria, kupima maji yanayotoka na mvuke kwenye visima vya umeme. Nilimwona mara moja tu kwenye foleni ya benki, amevaa koti la kazi. Alinisalimu kwa adabu, akaniulizia familia.

"Bado unachora, mwalimu?"

"Kidogo."

"Ulikuwa na mkono mzuri," akasema, akageuka kwa sababu foleni ilikuwa imesonga.

Akachukua namba yangu kabla ya kutoka. Hakunipigia. Lakini mwaka jana alinitumia makala kwa simu, bila salamu. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wamewachunguza minyoo wa pwani yetu hadi kwenye chembe za urithi. Spishi tisa za Madam walizifuta nane. Ilibaki moja. Michoro yangu ilikuwa mle ndani, imewekwa mmoja kando ya mwingine kuonyesha jinsi kosa lilivyofanyika.

Baada ya wiki chache Madam akapiga simu. "Jumamosi saa nne," akasema. Nikaenda. Niseme ukweli, nilienda nikiwa na tumaini. Nilidhani mtu aliyevuliwa nguo mbele ya dunia namna ile atakuwa amelainika, na kwamba atasema neno kuhusu Chebet ambalo litanipunguzia na mimi mzigo.

Nyumba yake iko juu, baridi ilikuwa kali, viazi vimechanua hadi karibu na mlango. Mwanamke anayemtunza alinipeleka chumba cha nyuma. Madam alikuwa amekaa mbele ya hadubini aliyoinunua mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, meupe kama spiriti iliyochanganywa na maji.

"Shikamoo, Madam."

"Kaa. Mimi sioni tena. Kuna vijisahani vitatu hapo. Hesabu."

Nikakaa. Mikono yangu ilikumbuka kazi yenyewe. Nikaweka wa kwanza.

"Ngapi?"

"Vinne."

"Wa pili."

"Saba."

"Wa tatu."

Nilihesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia.

"Kumi na moja, Madam."

"Na urefu?"

Nikampa urefu. Kila aliyefuata alimzidi aliyemtangulia.

"Kwa hivyo?"

"Ni spishi moja."

"Nilijua," akasema, kama mtu aliyeambiwa maziwa yameletwa. "Tangu uliponichorea saba. Unadhani wakati huo sikuwa na macho?"

Nje mtu alikuwa anamfukuza ng'ombe kwenye viazi.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nalinda kazi ya maisha yangu. Ilikuwa uongo, lakini ilikuwa yangu. Wewe ulikuwa unalinda nini?"

"Kazi, Madam. Na pia ile siku ya hospitali, mke wangu alipokuwa..."

"Wacha hospitali. Hiyo ilikuwa pikapu tu. Hata ng'ombe ningembeba." Akageuza uso upande wangu, akakosea kidogo, akawa anatazama bega langu. "Unakumbuka nikikwambia useme chochote siku ile ya kikao?"

Nikajaribu kukumbuka. "Hapana."

"Sikukwambia. Hata sikukuangalia. Ungesema ukweli, ningeinuka niende nyumbani, mambo yaishe. Nilikuwa nimechoka. Yule msichana alikuwa anaona." Akapapasa ukingo wa meza hadi akaupata. "Nilichonga penseli yote nikikungoja."

Nilitaka kumwambia kwamba si haki, kwamba yeye ndiye aliyemvunja yule msichana muhula mzima, siku kwa siku, na mimi nilisema neno moja tu. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Nilimwangalia, kikongwe kipofu kwenye sweta iliyotoboka kiwiko, na bado nilimwogopa.

"Zile chupa ziko kwa rafu nyuma yako," akasema. "Rudisha kila mmoja kwa chupa yake. Usiwachanganye."

Nikainuka. Chupa tatu zilikuwa wazi, na kwenye kila moja kulikuwa na jina tofauti, kwa mwandiko wangu. Nikamchukua mdogo kwa koleo nikamtia kwenye yake, kisha wa kati, kisha mkubwa. Nikaongeza spiriti mahali palipopungua, nikakaza vifuniko.

"Tayari?"

"Tayari, Madam," nikasema.